Mgonjwa Aliye Kifungoni, Ni Juu ya Nani Kumtibu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa swali na baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darsa ya hapa Hurlingham, Nairobi, nalo ni swali ambalo twadhani ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji mingine ya pwani huulizana vile vile katika mabaraza yao. Swali lenyewe ni hili: Mtu mlevi, au mvuta bangi, au mtumiaji unga, au mtu aliyeharibikiwa na akili, akifanya kosa akashikwa na kupelekwa kortini, je, ni haki atibiwe kwa mali ya umma naye yu kifungoni? Si bora apate adhabu yake kwanza? Na ile dawa ya methadoni wanayopewa watumiaji unga, si kumtoa mtu katika haramu moja na kumtia katika haramu nyingine?

Hili si swali la kujibiwa kwa hamaki. Aliyevunjiwa mlango usiku akaibiwa, na mama aliyeuziwa sufuria zake na mwanawe mwenyewe ili apatikane unga, hao wana uchungu wao, na uchungu wao ni wa haki. Walakini uchungu si hoja. Muislamu akitaka kuhukumu jambo hulirudisha kwa Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, kisha akatazama waliyoyasema wanavyuoni, kisha akatumia akili aliyopewa. Na sisi tutakwenda kwa njia hiyo, kidogo kidogo, inshaallah.

Kwanza yafaa tutazame hali ilivyo. Hurlingham ni mtaa wa upande wa magharibi ya mji wa Nairobi. Barabara yake kubwa zamani ikiitwa Hurlingham Road, na leo yaitwa kwa jina la Argwings-Kodhek, aliyekuwa mwanasheria wa kwanza wa Kiafrika katika Kenya, ambaye katika miaka ya 1950 aliwatetea kortini Waafrika waliokuwa hawana wa kuwatetea, na akafariki mwezi wa Januari 1969 katika barabara hii hii. Katika barabara hiyo na mitaa iliyo kandokando yake zipo hospitali na madaktari wa kila namna, wa mwili na wa akili. Na kutoka hapo hatta Kibera si mbali. Watu wengi hutembea kwa miguu asubuhi kuja kufanya kazi katika nyumba za matajiri, na jioni wakarudi.

Basi na tupige mfano wa vijana wawili. Wote wawili wametekwa na unga. Wa kwanza ni mtoto wa nyumba ya Hurlingham. Ameiba dhahabu ya mama yake akaiuza. Baba amekasirika, kisha amempigia simu daktari, na kijana amelazwa mahali pa siri pazuri, na majirani wameambiwa kuwa amesafiri. Wa pili ni mtoto wa Kibera. Ameiba simu ya mpita njia. Amepigwa na watu hatta amevuja damu, amepelekwa kituo cha polisi cha Kilimani, kutoka hapo korti ya Kibera, na kutoka korti akatiwa rumande katika jela ya Industrial Area, kwa kuwa hana wa kumdhamini. Usiku wa pili yuatapika, yuatetemeka, mifupa yamuuma kana kwamba yavunjwa, na walio naye wamwambia anyamaze wapate kulala. Maradhi yao ni mamoja, na kosa lao ni moja; illa mmoja ameitwa mgonjwa, na wa pili ameitwa mwizi.

Ndugu zetu, mwanamke wa kabila tukufu la Makhzumi alipoiba, watu wakamtuma Usama bin Zaid kwenda kumwombea, Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawaeleza kuwa waliokuwa kabla yao waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia hukumu. Hadithi hii twaitumia sana kuonya juu ya hongo na upendeleo, nasi twafanya sawa. Lakini ina upande wa pili tusioutazama. Ikiwa ni dhulma mtukufu asamehewe adhabu ambayo mnyonge hupewa, basi ni dhulma vile vile mtukufu apewe dawa ambayo mnyonge hunyimwa, na huku ugonjwa ni mmoja. Mizani ina sahani mbili.

Sasa na tuligawanye swali, kwani limechanganya mambo matatu: hukumu ya mwenye wazimu, hukumu ya mlevi, na haki ya mtu aliye mikononi mwa wenye nguvu.

Ama mwenye wazimu, jambo lake ni wazi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Na Seyyidna Umar alipoletewa mwanamke mwenye wazimu aliyezini, naye akaamrisha apigwe mawe, Seyyidna Ali aliwarudisha waliokuwa wakimpeleka, akaja kumkumbusha Umar khabari ya kalamu iliyoinuliwa. Umar akamwachilia mwanamke yule, na akawa yuapiga takbira. Tazama, ewe msomaji: Umar, naye ni Umar, alihitaji kukumbushwa, na alipokumbushwa hakuona haya kurudi. Na kabla ya hapo Maiz bin Malik alipokuja kwa Mtume mwenyewe akikiri kosa lake, Mtume aliuliza watu wake: je, ana kasoro katika akili yake? Na akauliza kama amekunywa tembo, akainuka mtu akamnusa kinywa. Hukumu ilikuwa bado haijatolewa, na tayari imekwisha ulizwa hali ya akili ya mshitakiwa. Basi anayesema kuwa kumpima mshitakiwa akili ni mambo ya Wazungu, na asome tena vitabu vyake.

Kinyume chake, mambo ya Wazungu yalikuwa magumu kuliko hayo. Waingereza walitunga sheria mwaka 1883, zama za Malkia Victoria, kuwa mwenye wazimu akitenda kosa aandikwe kuwa ana hatia lakini ni mwenye wazimu, kisha azuiliwe kwa muda wa radhi ya mfalme, yaani pasipo kutajiwa siku ya kutoka. Maneno hayo wakatuletea sisi katika sheria za koloni. Wao wenyewe waliyabadilisha mwaka 1964, wakaandika kuwa mtu huyo hana hatia kwa sababu ya wazimu wake. Lakini sisi tuliopata uhuru wetu mwaka 1963 tulibaki nayo, tukabadilisha jina la mfalme tu tukaweka la Rais. Na mahali pa kuwaweka watu hao palikuwa hospitali ya Mathari, katika njia ya Thika, iliyoanza mwaka 1910 kuwa nyumba ya kuwafungia wendawazimu, na mwaka 1978 ikafunguliwa humo sehemu yenye ulinzi mkali kwa ajili ya waliotoka kortini. Wako waliokaa huko miaka mingi kuliko ambayo wangalifungwa lau wangalikuwa na akili timamu. Mwaka 2018 Jaji Majanja wa Mahakama Kuu ya Kisumu aliamua kuwa kumwacha mtu azuiliwe kwa radhi ya Rais, pasi na muda wala hakimu wa kumtazama, hakupatani na Katiba.

Hapa twakumbuka kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alimwambia mwenzake wa jela aliyekuwa akitoka amtaje kwa bwana wake. Yule akatoka, shetani akamsahaulisha, na Yusuf akakaa jela miaka kadhaa. Hakuna aliyeamuru azidishiwe kifungo. Alisahauliwa tu. Na kusahauliwa ni adhabu isiyoandikwa katika hukumu yo yote. Mwenye wazimu aliye kifungoni ni mwepesi wa kusahauliwa kuliko mtu mwingine, kwani hata kusema, “Nikumbuke,” huenda asiweze.

Ama mlevi, hapa ndipo penye mzozo, nasi hatutaki kuficha la haki. Mlevi si kama mwenye wazimu. Tembo ni haramu, kidogo chake na kingi chake, na bangi na unga hukumu yake ni hiyo kwa kuwa vyote vyaondoa akili. Aliyekunywa kwa hiari yake amefanya dhambi, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii humhisabia mlevi aliyejilewesha matendo yake wala hawamwondolei kalamu. Aliyeiba ili anunue unga ameiba, na mali ya watu ni juu yake kuirudisha. Haki za waja hazifutwi na dawa, wala hazifutwi na toba mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Basi mtu asituelewe kuwa twasema mlevi hana kosa.

Walakini kuna mambo mawili mtu huyachanganya hatta yakawa jambo moja, nayo ni mbali mbali. La kwanza: mtu huyu amestahiki adhabu gani? La pili: maadamu tumemzuia, ana haki gani juu yetu? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili. Hakimu akihukumu kifungo cha miezi sita, amehukumu kifungo cha miezi sita. Hakuhukumu kutapika, wala kutetemeka, wala kupandwa na wazimu usiku kwa kukosa tembo aliyoizoea mwili wake. Madaktari watuambia kuwa mlevi wa pombe wa miaka mingi akikatishwa ghafla pasipo kutazamwa aweza kupata kifafa na kuweweseka, na aweza kufa. Je, kosa la kulewa au kuiba simu lina adhabu ya kifo? Na ikiwa halina, nani aliyeiongeza?

Katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya sahaba mmoja aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), naye akiletwa mara kwa mara kwa kulewa na kupigwa. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kuwa mtu huyo ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Tuitazame sana hadithi hii. Adhabu ilisimamishwa, wala Mtume hakuiacha. Lakini laana ilikatazwa. Maana yake ni kuwa adhabu ina kipimo, na kilichozidi kipimo hicho, hata neno la ulimi, ni dhulma. Basi ikiwa neno moja lilikatazwa, vipi kumwacha mtu agaegae sakafuni siku nne na dawa ipo?

Sasa tumefika kwenye shina la jambo lote. Mtu aliye huru akiugua, kujitafutia dawa ni juu yake na jamaa zake. Akikosa, huenda tukasema ni umaskini, au uzembe, au kadari. Lakini mtu uliyemfunga hawezi kwenda kwa daktari, hawezi kufanya kazi apate fedha za dawa, hawezi hata kwenda kwa shangazi yake kuomba. Wewe ndiwe uliyemkata miguu. Basi kila alichokuwa aweza kujifanyia mwenyewe, ukamzuia nacho, kimehamia shingoni mwako.

Hili si neno tulilolitunga sisi. Mtume (s.a.w.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumchinja. Alimfunga, asimpe chakula, wala asimwache akale wadudu wa ardhini. Dhambi yake imo katika mambo hayo mawili yakiwa pamoja: kufunga na kutolisha. Lau angalimwacha paka yule njiani, asingaliulizwa chakula chake. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu wanachokisoma wanafunzi wetu pwani nzima, amelitaja jambo hili katika mlango wa mauaji: mtu akimfunga mwenziwe na kumnyima chakula na maji mpaka akafa, na ukapita muda ambao kwa kawaida mtu hufa kwa njaa au kiu, basi hiyo ni katika kuua kwa kusudi. Haikushurutishwa kuwa aliyefungwa awe mtu mwema. Na dawa kwa mgonjwa ambaye atakufa bila ya hiyo dawa, ni nini kama si chakula chake na maji yake?

Wazee wetu walilifahamu jambo hili wakalifanyia kazi. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu chake cha Kharaj, alimwambia wafungwa walishwe na kuvishwa kwa mali ya hazina, nguo za baridi na nguo za joto. Na akashauri wapewe fedha mkononi, kwa kuwa wakipelekewa mikate, walinzi wataila. Na akachukizwa na desturi ya kuwatoa wafungwa katika minyororo wakaombe sadaka njiani. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 10 ya Miladi, waziri Ali bin Isa wa Baghdad alimwandikia tabibu mkuu Sinan bin Thabit kuwa amefikiri khabari ya walio katika jela. Kwamba kwa wingi wao na ugumu wa mahali walipo hawakosi kupatwa na maradhi, nao wamezuiliwa kuyatafuta manufaa yao na kuonana na matabibu. Basi akamwamrisha awape matabibu wa kuingia jela kila siku pamoja na dawa. Tazama sababu aliyoitoa waziri: wamezuiliwa. Ndiyo sababu yetu hiyo hiyo, nayo ina miaka zaidi ya elfu moja.

Ama wenye maradhi ya akili, Waislamu waliwajengea sehemu zao katika maristani, kama ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, na ile ya Arghun ya Aleppo mwaka 1354, zikaendeshwa kwa mapato ya wakfu. Na kabla ya hapo Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi yaugua kama mwili uuguavyo, na ina tiba yake kama mwili. Basi hatuombi kwa mtu kitu kigeni. Twaomba chetu kilichopotea.

Sasa twafika katika methadoni. Dawa hii imo katika jinsi ya afyuni. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mwenye kumpa, nayo ikipimwa sawasawa humwondolea maumivu ya kukosa unga pasipo kumlewesha, akaweza kwenda kazini, kulala, na kusali. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliianza mwaka 2011. Mathari ilianza Disemba 2014, na Malindi mwaka 2015. Kisha ikafuata Kisauni, na katika jela ya Shimo la Tewa, Mombasa, ikafunguliwa tiba hiyo ndani ya kuta za jela.

Wako wasemao: hii ni kubadilisha haramu kwa haramu. Twawaambia: mwendeeni Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki katika karne ya 10 ya Hijra, mwenye Tuhfa, ambaye fatwa zake ndizo tegemeo la madhehebu yetu. Yeye aliulizwa juu ya mtu aliyepatwa na balaa la kula afyuni na mfano wake mpaka akawa asipoila huangamia. Akajibu kuwa ikijulikana hivyo kwa yakini, yamjuzia, bali yamlazimu kuila, kama mtu aliyeshikwa na njaa alavyo mzoga. Na ni wajibu juu yake kuipunguza kidogo kidogo mpaka tumbo lake lisahau. Na asipofanya hivyo ni mwenye dhambi. Na Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi, ameinakili fatwa hii katika kitabu chake.

Tuipime fatwa hii pasipo kuzidisha wala kupunguza. Ibn Hajar amesema juu ya kuangamia, na mtumiaji unga aliyekatishwa huteseka sana lakini mara nyingi hafi kwa mateso yenyewe. Basi mtu aweza kutuambia: hoja yenu haikutimia. Twamjibu kuwa maangamizi ya mtumiaji unga hayako katika siku zile nne tu. Yako mbele yake. Madaktari wamekwisha kuona katika nchi nyingi kuwa mfungwa aliyekaa miezi bila unga, mwili wake husahau nguvu zake. Akitoka hali hajatibiwa, akarudia kipimo kile kile cha zamani, pumzi hukatika akafa. Na hatari hii huwa kubwa zaidi katika majuma ya kwanza ya kutoka jela. Tena wako waliopata ukimwi na maradhi ya ini kwa kushirikiana sindano. Hayo si maangamizi? Na jambo la pili: Ibn Hajar amejuzisha afyuni yenyewe, na hii ni dawa ipimwayo na tabibu. Ikiwa kizito kilijuzu kwa dharura, chepesi kina haki zaidi. Walakini shuruti za fatwa na zibaki: awepo tabibu mwaminifu ajuaye kazi yake, kipimo kiwe cha haja, na nia iwe ni kupunguza mpaka mtu atoke, kwa muda atakaouona tabibu. Mwenye kuiuza dawa hiyo mlangoni mwa hospitali, au kuifanya starehe, huyo fatwa haikumfunika.

Lipo pingamizi moja lililosalia, nalo ndilo kubwa kwa watu wengi. Wasema: watu wakiona mlevi yuatibiwa, watauona ulevi ni jambo jepesi. Twauliza: ni kijana gani aliyeanza unga kwa kuwa alisikia kuna dawa Shimo la Tewa? Vijana huanza kwa marafiki, kwa huzuni, kwa kukosa kazi, na kwa kuwa muuzaji yu karibu nao kuliko mwalimu. Tena, mwizi aliyetekwa na unga akifungwa mwaka mmoja pasipo tiba, akatoka na kiu ile ile, ataiba siku ya pili. Aliyeibiwa amefaidika nini? Adhabu iliyomrudisha mwizi kama alivyokuwa imempumzisha mwenye mali kwa muda wa kifungo tu. Anayetaka kwa kweli nyumba za watu zisivunjwe, na atake mlevi apone.

Na sheria ya nchi yenyewe imeacha mlango. Sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 1994, pamoja na ukali wake, yamruhusu hakimu kuamuru mtu aliyetekwa na madawa atumikie sehemu ya kifungo chake mahali pa tiba. Na sheria ya mwaka 1998 yaruhusu kazi za jamii badala ya kifungo kwa makosa madogo. Tena mwezi wa Januari 2025 Jaji Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kuwa kumshitaki mtu kwa kujaribu kujiua, kosa lililokuwa na kifungo cha hatta miaka miwili, hakupatani na Katiba. Kujiua ni dhambi kubwa, na hakuna jaji awezaye kulifanya lisiwe dhambi. Lakini si kila lililo dhambi dawa yake ni jela. Mtu aliyekata tamaa na uhai, ukimtia rumande, umemwongezea sababu.

Basi yaliyo juu yetu ni yapi? Hatuna amri juu ya jela, wala makadhi wetu hawahukumu makosa ya jinai. Lakini tuna mambo matano mikononi mwetu.

La kwanza, mzazi asimpeleke mwanawe polisi akidhani jela ni hospitali. Akihofia madhara, na awazuie watu na shari yake. Lakini ajue kuwa amempeleka mahali pa kuzuiliwa. Kutibiwa kwataka kutafutwa.

La pili, jamaa wa mshitakiwa wasijifiche kwa aibu. Afisa wa probesheni huuliza khabari za mtu kabla ya hakimu kuhukumu, na asemayo humfikia hakimu. Jamaa akinyamaza, au akisema uwongo kuwa mtoto hana ugonjwa, amemfungia mlango kwa mkono wake. Kusitiri aibu ni jambo jema. Kuficha maradhi yanayoua si sitara.

La tatu, tuache minyororo. Wako watu wanaojiita waganga au waalimu, huwafunga vijana kwa pingu na kuwapiga, wakasema watoa pepo. Kumsomea mgonjwa Kurani ni sunna na ni rehema. Kumpiga mgonjwa si sunna ya mtu ye yote. Na kusoma hakukatazi dawa, kwani Mtume ametuamuru kujitibu.

La nne, tuwazuru. Mwenyezi Mungu katika Suratul Insan, aya ya 8, amewasifu wenye kuwalisha maskini na yatima na mateka, na wafasiri wamemtia mfungwa humo. Mfungwa mwenye kuzuriwa hasahauliwi.

La tano, wakfu. Fedha nyingi za tiba hizi zilitoka nje, na mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya afya, watu walitambua kuwa akupaye kwa hiari yake aweza kukunyima kwa hiari yake. Maristani za Cairo na Aleppo hazikusubiri hisani ya mgeni. Nyumba na maduka na mashamba ya wakfu ndiyo yaliyoziendesha. Sisi twaweka wakfu misikiti, na kheri ni nyingi humo. Lakini mji wenye misikiti mitatu katika njia moja, na hauna kitanda kimoja cha mlevi aliyetubu au mwenye wazimu aliyeachiliwa na korti, haukukosa mali. Umekosa kufikiri.

Kwa muhtasari, mwenye wazimu hana hatia, na haki yake ni tiba na hakimu wa kumkumbuka. Mlevi ana hatia, na haki yake ni adhabu yenye kipimo, na tiba pamoja nayo. Na wote wawili, maadamu wamefungwa, wamo katika dhamana ya aliyewafunga. Na aliyewafunga amewafunga kwa jina letu sote, basi sote tutaulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarudishe waliopotea katika watoto wetu, awafidie waliodhulumiwa, na atupe sisi macho ya kuwaona tuliowasahau. Amin.